Kiti cha Marehemu

Alhamisi hiyo nilimfuata mume wangu sinema, kwenye chama chao cha wapenda filamu. Miaka yote alinizuia: "Picha zetu zitakuchosha bure, mama watoto."

Nilimkuta ameshakaa na wenzake, koti lake limelazwa kwenye kiti cha pembeni. Nilipotaka kukaa hapo, mwenyekiti wao akanishika mkono kwa upole.

"Samahani, dada, hapo hakai mtu. Kila wiki tunakiacha kwa ajili ya marehemu mke wa bwana huyu."

Wanachama wakainamisha vichwa.

Nikamtazama mume wangu. Akaikodolea macho skrini tupu, kana kwamba picha imeshaanza.

Nikaliinua lile koti, nililolipiga pasi mwenyewe mchana, nikampakatisha. Nikakaa.

"Marehemu ameshafika," nikamwambia mwenyekiti. "Anzisheni picha."