Kiapo Namba Kumi na Mbili

Tarehe 9 Aprili 2088, Tukuyu iliamkia manyunyu na ukungu. Tupokigwe alimaliza sala, akafungua cheti chake cha ndoa kwenye simu, kama alivyofanya kila mwaka tarehe hiyo.

Katika kanzidata ya nchi, maneno yanayojirudia yaliwekwa mara moja tu. Kiapo cha ndoa kilikuwa kimoja, na vyeti vyote vilibeba namba yake tu, kumi na mbili; ukifungua cheti, maneno yalivutwa kutoka hapo. Tupokigwe aliupenda utaratibu huo. Aliuona kama kanisa zima kusali sala moja.

Lakini leo, palipokuwa na "mpaka kifo kitutenganishe", palisomeka "kadiri tutakavyoweza".

"Baba Lusajo, wamerekebisha namba kumi na mbili!"

Asajile, mumewe, akacheka. "Basi nimeachiwa! Miaka arobaini na moja, nimetoka kwa tabia njema."

Tupokigwe hakucheka. "Mimi niliolewa kwa maneno yale. Sasa hayapo popote."

Asajile akamtazama usoni, akaweka kikombe chini. Akatoka nje, akawaita majirani waliokuwa wakichuma chai, Mama Sekela na mumewe. Wakaja na vikapu mgongoni. Walipoelezwa, Mama Sekela alifungua cheti chake mwenyewe, akamwangalia mumewe kwa muda mrefu.

Asajile akavua kofia, akamshika mkewe mkono.

"Tupokigwe, mbele ya hawa nasema: nitakaa nawe mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Na wakirekebisha tena kesho, nitasimama hapa niseme tena."