Wiki ya Jaribio

"Nani kabofya?"

Chifu Ilesanmi alikuwa ameunasa mnong'ono koridoni, na sasa alisimama mlangoni ananguruma. Wahariri wake wote waliinamia kompyuta kama wanaosali.

Omotunde akainuka. Alikuwa mhariri wa vitabu vya sayansi, mama wa makamo asiye na tabia ya kujificha nyuma ya wenzake.

"Ni mimi, Oga," alimwambia bosi wake. "Nimepata barua pepe kwa jina la profesa wetu wa fizikia. Inasema amesahihisha sura ya tisa, nibofye niione. Nimebofya, halafu moyo ukasita, nikampigia simu. Anasema hajaandika chochote."

Damu ilimpanda Chifu kichwani. Chama cha wachapishaji kilikuwa kimetangaza kwamba wiki ile kingewajaribu wanachama wake. Barua za mtego zingetumwa kwenye kampuni zote tano kubwa za Ibadan, ionekane wafanyakazi wa nani wananaswa kirahisi na nani analinda miswada yake. Kisha kampuni zingelinganishwa, na ya kwanza ndiyo ingepewa kuchapa vitabu vya sekondari vya jimbo zima. Bila kazi hiyo, Chifu angefunga ofisi kabla ya mwaka kwisha.

Mwaka uliopita alishika mkia. Barua ya mtego ilipoingia, watu wake walitaharuki wakazima kila kitu, kazi ikalala siku nzima, kumbe jaribio tu. Mshindani wake, Madam Adeyanju, hakuiacha hadithi hiyo ipoe. Kwenye harusi moja kule Bodija, mbele ya meza nzima, alikumbatia mkoba wake akasema, "Jamani, ficheni simu zenu, watu wa Chifu wasije wakazibofya!" Watu walicheka mpaka wakapaliwa na wali. Chifu alicheka pia, ilibidi, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsamehe mtu yeyote aliyekuwa kwenye meza ile.

"Niliwaambia nini Jumatatu?" alifoka. "Si nilisema wiki hii kila barua ni mtego? Ulikuwa na pamba masikioni?"

"Nimekosa, Oga. Lakini tuzime mashine kwanza, wezi wasije wakachota miswada, ndipo unigombeze."

"Tuzime? Tena? Ili watucheke tena?"

Gbolahan, fundi wa kompyuta, alikuwa ameshaushika waya wa mtandao. "Oga, hii si kama ya mwaka jana. Ile ilisema tumeshinda friji, na lugha yake ilikuwa ya kuokoteza. Hii imeandikwa vizuri. Inajua mpaka sura ya tisa."

"Basi chama kimeajiri watu wenye akili. Mimi sikubahatika! Acha huo waya."

"Usikasirike, Oga. Dakika tano tu…"

"Nimesema acha! Mwaka jana walitukata alama kwa kupaparika. Safari hii wakituchungulia, watatukuta tunachapa kazi. Kaa chini!"

Gbolahan akauachia waya, akakaa. Katika ofisi ile neno la Oga halikujibiwa mara mbili.

Adhuhuri umeme ulikatika, kama ilivyo desturi yake. Skrini zote zikafa, na Gbolahan akashusha pumzi kwa sauti, jambo lililomtia Chifu wazimu. Alitoka mwenyewe hadi uani, joho lake la agbada likizoa vumbi.

"Washa jenereta!"

"Dizeli imekwisha, Oga," mlinzi alisema. "Nilidhani tungesubiri tu umeme urudi."

"Nani amekuajiri ili udhani? Kimbia kanunue!"

Hasira hasara, wanasema, lakini Chifu alikuwa mtu wa kuhesabu hasara baadaye. Alisimama juani palepale mpaka dizeli ikaja na jenereta ikanguruma. Hakuna ambaye angesema kampuni ya Ilesanmi ilijificha gizani.

Aliporudi ndani alimkuta Gbolahan anakuna kichwa. "Mashine zinakwenda polepole sana, Oga. Sijui zinafanya nini."

"Zimekuiga wewe," Chifu alimjibu, kisha akamgeukia Omotunde. "Na wewe, chukua mkoba wako uende. Miaka yote hii nimekulea hapa kama mdogo wangu, leo unanikabidhi kwa Adeyanju kwa kidole kimoja!"

Omotunde alikusanya vitu vyake bila haraka: miwani, kopo la chakula, picha ya wanawe.

"Kukosa nimekosa, Chifu," alisema, na lile neno Oga alikuwa ameliacha. "Lakini nimesema kwa mdomo wangu, asubuhi, kukiwa bado na nafasi. Kesho atakosea mwingine. Unadhani atakwambia?"

Akatoka, akaubamiza mlango. Maneno yale yalimchoma Chifu, na kwa kuwa yalikuwa ya kweli yalimzidishia hasira. Alikaa ofisini kwake mchana kutwa, akiwafokea wote waliochungulia.

Jioni simu ililia. Alikuwa Bwana Fasasi, katibu wa chama cha wachapishaji. Chifu alikohoa, akailainisha sauti yake.

"Chifu wangu, habari za kazi? Nakupigia kuhusu jaribio."

"Najua, najua. Amenaswa mmoja tu, na nimeshamfukuza. Wengine wote wamechapa kazi. Hatukuzima hata mashine moja, na umeme ulipokatika nimewasha jenereta. Hilo mliandike!"

Sauti ya Fasasi ilijaa mshangao.

"Mzee wangu, sijakuelewa. Mimi nilitaka kukuomba radhi. Mtaalamu wetu yuko kitandani na malaria tangu Jumapili, hatujamtumia mtu yeyote barua yoyote. Tutaanza wiki ijayo."