Mguu wa Marehemu Mwasenga

Tangu Tusajigwe apandikizwe ujuzi wa marehemu Mwasenga, mumewe Ambele hakula tena kwa raha. Sheria ilikuwa hii: aliyetaka leseni ya kusambaza mizigo kwa lori la gia za mkono hakufundishwa na mtu, alipewa ujuzi wa dereva aliyekwisha kufa, akakaa nao nyumbani mpaka siku ya mtihani.

Ujuzi ukaja na tabia zake. Mezani, mguu wa kushoto wa Tusajigwe ulikanyaga klachi, na klachi yenyewe ilikuwa vidole vya Ambele. Mwiko wa ugali ukawa gia. Jumapili, wakipanda kilima kwenda kanisani, Tusajigwe alisimama ghafla.

"Utingo, weka jiwe nyuma ya tairi."

"Mimi mumeo, mama Neema."

"Weka jiwe kwanza, tutaongea."

Ambele akaokota jiwe, akaliweka nyuma ya kisigino cha mkewe.

Siku ya mtihani injini haikuzima hata mara moja.

"Umefaulu," mtahini akasema. "Haya, turudi ofisini."

Tusajigwe alinuia kurudi. Mikono ikakata kushoto, ikaingia mtaa asioujua, ikapiga honi mbili mbele ya geti la kijani. Akafungua mwanamke aliyevaa nguo nyeusi za msiba. Hakumtazama Tusajigwe usoni. Aliitazama mikono kwenye usukani, uso ukamlainika.

"Leo umechelewa, baba," akasema. "Chakula kimepoa."

Tusajigwe akataka kumwambia amekosea mtu. Lakini mguu ulishashuka, unavua kiatu mlangoni.