Watoto Tisa Kati ya Kumi

Zlatina alikikunjua kipeperushi mezani kwa Profesa Dabov, kwa uangalifu. Alikuwa amekikunja pembeni pembeni, ili mkunjo usipite usoni mwa mtoto.

"Soma, Profesa. Halafu niambie ukweli."

Kipeperushi kilitoka katika kituo kimoja cha kunoa akili za watoto, hapo hapo mjini Ruse. Watoto tisa kati ya kumi, kilisema, wamepanda alama za akili kwa miezi sita tu. Katikati kulikuwa na picha ya mvulana mwenye sweta ya kijani, kifungo kimoja chekundu kisichofanana na vingine. Chini yake: kutoka 58 hadi 109.

"Wa kwako ana miaka mingapi?" Dabov aliuliza.

"Momchil ana tisa. Jumatatu kamati inaamua kama atabaki na Vesela, mwalimu wake maalumu anayekaa naye darasani. Kipeperushi hiki wanacho pia. Bila Vesela, Profesa, mwanangu amekwisha."

Dabov, mtaalamu wa vipimo vya akili ambaye wauza miujiza wote wa mji ule walimwogopa kama kodi, hakuhitaji hata miwani. Watoto walioshindwa wakaacha hawakuhesabiwa. Mtihani ulikuwa ule ule, umerudiwa mpaka wameukariri. Na huyu wa kifungo chekundu alichaguliwa kati ya mamia kwa sababu siku moja alibahatisha vizuri. Upuuzi mtupu! Siku nyingine angekichana kipeperushi hicho.

"Mama, hii tisa kati ya kumi..."

"Usiniambie mimi, iandikie kamati," Zlatina alimkatiza. "Na sitaki kukutia maneno mdomoni. Wasije wakasema nimekuhonga kwa lyutenitsa." Chupa yenyewe ya rojo hilo la pilipili alikuwa ameipakata, hajathubutu kuiweka mezani. Mikono yake bado ilinukia pilipili za kuchoma.

Akaweka kidole juu ya picha.

"Hao wengine waache. Andika kuhusu huyu. Kupanda namna hii, kwa mtoto mmoja, kunawezekana kweli? Nakuomba, Profesa. Sina mwingine wa kumwendea."

Dabov alimhurumia mpaka akashindwa kumtazama. Wote ndivyo walivyo, aliwaza. Mdomo unaomba ukweli, macho yanaomba kitu kingine. Mwaka jana alimwambia baba mmoja ukweli, na yule bwana alishuka ngazi akijishikiza ukutani. Leo hapana. Kamati ikiona kuna tumaini, haitakuwa na moyo wa kumtenganisha mtoto na mwalimu wake. Uongo mdogo wa namna hiyo ungemdhuru nani?

Akaandika kwamba maendeleo ya mtoto yule ni ya kweli na ya kuaminika. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaipiga picha karatasi na kuituma kwa kamati papo hapo, kabla ukali wake wa kawaida haujamrudia.

"Imeshafika," alisema, akimsogezea karatasi.

Zlatina alisoma. Akasoma tena.

"Hakuna kosa, Profesa? Hata moja?"

"Hata moja, mama. Nenda nyumbani ukapumzike."

Machozi yalimtiririka. Alitoka bila kuaga, na Dabov alikaa kidogo akijisikia mtu mwema, jambo lisilomtokea mara nyingi. Kisha akaiona ile chupa imesahauliwa kitini. Akaichukua na kumfuata.

Alimkuta kwenye korido, amepiga magoti mbele ya benchi, akimfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto alikuwa akichezea kifungo chekundu cha sweta yake ya kijani.

"Profesa ameandika kwamba umepona, Momchil," Zlatina alikuwa akimwambia. "Jumatatu wanamwondoa Vesela."