Kibuyu Kilichotakata

Nyamizi aliandika kwenye kompyuta msururu wa herufi za peptidi, kipande kidogo cha protini alichokipata katika mtindi wa kibuyu cha mama yake, akabonyeza "Tafuta". Hifadhidata ile ya mtandaoni ilikuwa na peptidi za tiba kutoka kila pembe ya dunia, hadi za sumu ya nyoka. Ukurasa ulirudi mtupu.

"Hawana?" mama aliuliza.

"Hawana. Ni mpya, mama. Nikiipata tena kwenye kibuyu kilekile, wataiingiza."

Mama akaenda jikoni, akarudi na kibuyu alichorithi kwa mama yake. Miaka yote hakikuwahi kuguswa na sabuni. Kilifukizwa moshi tu, na masalia ya mtindi wa jana ndiyo yaliyogandisha maziwa ya leo.

"Nilijua utakipeleka maabara," alisema. "Nimekisugua kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Wasije wakasema watu wa kwenu ni wachafu."

Nyamizi alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa. Mama alikuwa anamtazama, akingoja kusifiwa.

"Kimetakata, mama," alisema. Kisha akapenyeza kidole mdomoni mwa kibuyu, akapapasa taratibu chini ya shingo, akitafuta masalia pale ambapo huenda brashi haikufika.