Bakuli Lililorudi Tupu

Programu ya serikali ilipima ukaribu wa nyumba zetu kumi, ikatoa 0.31. Tukizidi 0.30 tunahamishwa, kila nyumba na mji wake. Balozi wetu wa nyumba kumi alinionyesha kwenye kompyuta: nyumba ni kitone, na bakuli linalokwenda kwa jirani na kurudi na chakula ni mstari.

"Mama Semeni, wewe na Chausiku mmezidi. Futeni mstari wenu."

"Balozi, tangu lini bakuli la jirani likarudi tupu?"

"Ndilo linalotuponza, mama."

Sijasahau walivyopiga marufuku mikutano yetu. Sasa wamefikia mchuzi.

Jioni Chausiku alirudisha bakuli nililompelekea maharage. Lilikuwa limeoshwa, halina hata chembe ya chumvi. Hakuniangalia.

Kesho yake tulisoma 0.29. Tukashangilia sana, kila mtu nyumbani kwake, mlango umefungwa.