Chupa ya Mwenyekiti

Sisimizi ndio walionifumbua macho. Walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye chupa ya mkojo chini ya kitanda cha Mwenyekiti Karugendo, na sisimizi hawana heshima kwa vyeo.

Nikainusa. Omulamba, maji ya ndizi mbivu, yaliyozimuliwa kidogo. Mkewe alikuwa akimletea kibuyu kila asubuhi kutoka kijiji chao cha ujamaa, Muleba.

Kwa siku tano daktari wetu alikuwa ameitazama chupa ile akiwa mlangoni, mikono mfukoni. "Ndugu Mwenyekiti bado anakojoa vizuri, figo zinafanya kazi. Kumsafisha damu kungoje." Miguu ya mgonjwa ilikuwa imevimba hivi kwamba ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Daktari hakubonyeza. Wakubwa hawabonyezwi.

Naye Mwenyekiti, aliyehamisha kaya mia kwa siku moja bila kumuuliza mtu, aliuogopa mpira wa kusafishia damu kupitia tumboni. "Sitobolewi kama gunia la buni," aliniambia.

Asubuhi hiyo daktari alifika, akachungulia. "Chupa imejaa. Tungoje."

"Tungoje nini, daktari?"

"Nesi, mkojo ndio unaoamua."

Nikaiinua chupa, nikapangusa sisimizi, nikanywa mafunda matatu. Sikuona kinyaa. Chupa ile haikuwa imeonja mkojo tangu tuitoe stoo.

Karugendo akafumba macho. Daktari akatoa mikono mfukoni.

Nikamnyooshea iliyobaki. "Onja, daktari. Kisha uamue."